Kurasa Kumi na Sita za Orsola

Kitendawili. Mbona mmenyamaza, semeni tega. Haya: shuka langu moja, nikilikunja mara tatu lina vyumba kumi na sita, na linaingia mfukoni.

Kanga? Hapana. Barua? Mmekaribia, lakini hapana. Basi nipeni mji. Mmenipa Venisi? Mji mzuri mmenipa. Nimekwenda Venisi, nimekula dagaa wao wa siki na vitunguu, nimekaa mpaka majirani wakanizoea, na jibu nimelikuta mezani kwa Fundi Bastian mchapaji: ni kitabu kidogo. Karatasi moja pana, mikunjo mitatu, kurasa kumi na sita. Sasa sikilizeni kilivyotaka kuvunja harusi ya watu.

"Soma," Fundi Bastian alimwambia Vettor, akimsukumia kitabu cha shairi la mapenzi kifuani.

Vettor, kijana wake wa kupanga herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, akafungua. Ukurasa wa kwanza ukasomeka. Wa pili ulikuwa kichwa chini. Wa tatu hakuuona kabisa.

"Huyu bwana wa kwenye shairi ameachwa kabla hajatongoza," akasema Bastian. "Umepanga kurasa kama za vitabu vyetu vikubwa, moja, mbili, tatu. Mikunjo je?"

"Nitarekebisha, Fundi."

"Mwezi wa pili huu unarekebisha. Watu wanataka kitabu cha kusomea kwenye mashua, cha kusomea sokoni, cha kulala nacho. Nimeshasema mbele ya wote: atakayenipangia kitabu kidogo kinachosomeka, Orsola ni wake. Ikipita Sikukuu ya Kupaa bila kitabu, nampa Lunardo. Ameshaposa tangu Krismasi."

Lunardo alikuwa muuza karatasi, mtu wa kucheka hovyo. Na Orsola, binti pekee wa Bastian, alikuwa palepale mezani anakunja karatasi, masikio yanasikia yote. Kazi yake kukunja na kushona. Kushika herufi za kuchapia, baba yake alisema, si kazi ya wanawake. Habari za kuolewa kwake hakuulizwa, ungedhani ni kiti kinachouzwa.

Alimpenda Vettor. Vettor naye alimpenda. Lakini mapenzi hayapangi kurasa.

Jumapili, Bastian alipokwenda misani, Orsola alichukua karatasi tupu, akaikunja mara tatu, akaitia namba ingali imekunjwa, kisha akaikunjua mbele ya Vettor.

"Tazama. Wa kwanza unakaa ubavuni mwa wa kumi na sita. Wa nane unasimama kichwa chini, utosi kwa utosi na wa kwanza. Wewe ulikuwa unaupanga ubongo wako, mimi napanga karatasi."

"Na kwenye fremu ya herufi?"

"Kwenye fremu kila kitu kigeuze, kulia kuwe kushoto. Hebu nipishe."

"Orsola, baba yako akikukuta umeshika herufi..."

"Atanikuta nafanya kazi. Nipishe."

Akapanga mwenyewe, kurasa zote kumi na sita. Vettor akafunga fremu, akapaka wino, akavuta mtambo wa kuchapia, upande huu kisha wa pili.

Bastian aliporudi akaikunja karatasi, akakata kingo, akaanza kusoma. Moja, mbili, tatu, hadi kumi na sita. Akainua macho.

"Nani alipanga hii?"

Orsola akamtazama Vettor. Vettor akatazama sakafu.

Mzee akadhani kijana anaona haya. Akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Mwanangu, kumbe unaweza. Jumapili ijayo mnashikana mikono mbele ya karani, mnaoana."

Jioni hiyo Vettor alikuta kikaratasi kati ya karatasi zake: "Ulimi umemwazima nani?"

Akajibu nyuma ya kikaratasi hicho: "Mpenzi, nyamaza kidogo. Nikisema, utakwenda kwa Lunardo. Tukishaoana nitamwambia."

Kikaratasi cha Orsola kikarudi: "Yaani nakupata kwa kazi yangu, halafu kazi inakuwa yako?"

"Nakupenda, Orsola."

"Hilo sikukuuliza."

Jumapili nyumba ikajaa. Karani wa hati akaketi mezani na kalamu yake, Bastian amevaa joho la sikukuu, Lunardo naye yumo, glasi ya divai mkononi.

"Orsola binti Bastian," akasema karani, "unamtaka Vettor awe mume wako?"

Vettor akanyoosha mkono. Orsola akarudisha mikono yake nyuma.

"Kuna swali lililotangulia, bwana karani. Baba aliuliza nani alipanga kurasa. Hajajibiwa."

"Orsola," Bastian akasema kwa sauti ya chini, "karani anasubiri."

"Amekaa, hatachoka."

"Mimi pia nasubiri," akasema Lunardo, akajicheka mwenyewe. "Wala sina haraka."

"Mwanangu," akasema Bastian, "kila mtu anajua ni Vettor."

"Basi ni rahisi. Aseme yeye."

Vettor akamsogelea, akanong'ona. "Tulikubaliana."

"Wewe uliandika. Mimi sikukubali."

"Tutakosana kabisa, Orsola. Nitakukosa."

"Nikikukosa nitalia, kisha nitanyamaza. Nikikupata kwa uongo, nitalia kila nikifungua kitabu."

Kijana akavua kofia. Halafu akawageukia watu.

"Ni Orsola. Mimi nilishindwa miezi miwili, yeye alitumia asubuhi moja. Nilivuta mtambo tu. Siku ile Fundi aliponiuliza, niliogopa."

Bastian akaketi polepole.

"Msichana ameshika herufi zangu?"

"Zote, baba. Na umesoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugeuza kitabu."

"Basi hakuna ndoa. Vettor hakupanga, hana haki na wewe."

"Kweli hana." Orsola akaja mbele ya meza. "Wala Lunardo hana. Ulisema mbele ya wote, atakayekipanga kitabu, Orsola ni wake. Nimekipanga mimi. Basi Orsola ni wangu."

Lunardo akaweka glasi chini. Hakucheka. Bastian akawatazama majirani wote waliomsikia akiahidi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakachelewa kutambua kwamba mzee anacheka.

"Mama yako alikuwa hivihivi," akasema. "Haya, karani. Muulize mwenye mali."

Karani akachovya kalamu. "Bibi, swali langu bado. Unamtaka Vettor?"

Orsola akamtazama Vettor kwa muda mrefu, hata kijana akashusha ule mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Namtaka," akasema. "Na hapo ulipoandika nimetolewa na baba yangu, futa. Andika nimekuja mwenyewe."