Sahani ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Mama Kidoti alipomaliza kulipiga pasi gauni lake. Alilishona mwenyewe kwa wiki mbili, mshono juu ya mshono, maana jioni hiyo ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka kumi. Mumewe, fundi saa, alisema atampeleka mahali pa watu wazito. Kidoti, binti yao wa miaka sita, akabaki na bibi yake.

Miezi miwili nyuma hakuna aliyedhani ndoa ile ingefika kumi. Mama Kidoti, mshonaji, alimfuma mumewe kibandani kwake, juu ya meza yake mwenyewe ya kukatia nguo, yeye na muuza vifungo, shoga yake wa miaka yote. Chaki ya kuchorea vitambaa iliwapaka migongo wote wawili. Yule mwanamke, Mama Kidoti alimtoa nje kwa ncha ya mkasi. Mume alilia siku tatu.

"Nimekusamehe," Mama Kidoti akamwambia. "Lakini sisahau. Nitakukumbusha mpaka uzeeke."

Na alimkumbusha kweli. Kwenye chai. Kwenye maji ya kuoga. Mbele ya mama mkwe.

Mkahawa wenyewe ulikuwa na kuta za udongo, taa hafifu, walaji wachache kwenye meza zao, na hapakuwa na kapu la taka popote. Mhudumu mmoja mrefu alikuja bila kusikika hatua zake.

"Karibuni," alinong'ona. "Hapa hakitupwi kitu. Mzizi, ganda, mfupa... vyote vinaliwa. Sahani ni saba. Mgeni wetu ni mama."

Sahani ya kwanza ilikuja na kipande cha mzizi, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hiki ni chakula au ni kipimo cha maabara?" Mama Kidoti akacheka.

Akatia mdomoni. Moshi! Moshi wa jiko la marehemu mama yake. Akamwona kabisa ameinama, anapuliza kuni... Kisha sura ikafifia, kama pumzi kwenye kioo. Akajaribu kuirudisha. Pua yake ilikuwaje? Macho?

Hakuna kitu.

Sahani ya pili ilikuwa ganda kavu lenye ladha ya chuma, kama sindano iliyobanwa kwenye meno. Alipomeza, macho yalimshukia kwenye pindo la gauni.

"Mshono mzuri huu. Nani kashona?"

Mumewe alikuwa anaangalia mlango wa jikoni. Sahani zake zote mbili hakuwa amezigusa.

Ya tatu ilikuwa jani moja, limenyunyizwa unga mweupe. Ilinukia chaki. Mume akasogea mbele, jasho linamtiririka.

"Kula, mke wangu. Hii ndiyo yenyewe."

Akala. Kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akamtazama mumewe akatabasamu. Mwanaume mwema jamani, kamtoa mkewe matembezi.

Mume akafumba macho, akashusha pumzi.

"Imetosha," akamwambia mhudumu. "Sisi tunarudi nyumbani."

"Zimebaki nne, bwana."

"Niliomba hiyo moja tu!"

"Samaki hatuchukui mnofu tukaacha kichwa," mhudumu alinong'ona. "Wewe umetuletea mzima."

Sahani ya nne ilikuja imefunikwa. Kabla haijatua mezani, harufu ilimfikia. Mafuta ya mtoto. Nywele zilizosukwa jana jioni, kichwa kimelala pajani kwake...

Kitu kikagonga kifuniko kutoka ndani.

Taratibu.

"Mama..."

Mama Kidoti akaruka. Kiti kikaanguka. Chini ya sahani ya mumewe kulikuwa na kadi, akaichomoa. Mwandiko aliujua: *Ninachotaka kiondoke nyumbani kwangu: kumbukumbu ya mke wangu.*

"Baba Kidoti. Umewapa nini hawa watu?"

"Siku moja tu! Nilitaka wachukue siku ile moja tu, tupumue..."

"Siku gani?"

Mume akakiinua kiti kilichoanguka. Akakisimamisha.

"Nakuuliza, siku gani?"

Mama Kidoti hakujua alichofanyiwa. Alijua tu kwamba kafanyiwa, na kafanyiwa mara mbili. Uchungu ulikuwepo, mbichi kabisa, hauna pa kushika.

"Mimi sili," akasema. "Mwanangu sili."

Walaji wa meza zote waliweka uma chini kwa pamoja. Wakageuka.

"Asipokula mgeni, atakula aliyemleta," mhudumu alinong'ona. "Hapa hakitupwi kitu."

Mlango, kwa ndani, haukuwa na kitasa.

Mume alikula. Sahani ya nne aliila akilia, anamtazama mkewe kama mtu anayezama. Mama Kidoti hakumnyooshea mkono. Sahani ya tano, ya sita... Alipofika ya saba hakuwa analia tena. Mlango ukafunguka wenyewe.

Nyumbani, Kidoti alitoka mbio akamkumbatia baba yake miguu.

"Baba!"

Fundi saa akamgusa kichwani kwa adabu, kama mtu anavyomgusa mtoto wa jirani.

"Mtoto mzuri," akasema. "Wa nani huyu?"

Siku ya tatu, asubuhi, Mama Kidoti alikuwa kibandani kwake, anakodolea cherehani asijue uzi unapita wapi. Mlango ukagongwa. Muuza vifungo alikuwa amesimama na kopo lake la vifungo, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama anayengoja kipigo.

"Shoga... nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena? Mbona umenisusa hivyo? Pita ndani!"

Mwanamke akamtazama, akamtazama tena. Polepole, akatabasamu. Akaenda kukaa juu ya meza ya kukatia nguo, kama mtu anayeijua. Vumbi la chaki likapaa.

Wakacheka kama zamani. Mama Kidoti akainuka ammiminie chai. Birika likaning'inia mkono wa kushoto, na hapo ndipo alipouona mkono wake wa kulia.

Ulikuwa umeshika mkasi. Umefunguliwa. Mishipa imesimama.

"Mbona hivyo, shoga?" muuza vifungo akauliza, akirudi nyuma juu ya meza.

"Hata sijui," Mama Kidoti akanong'ona, na alisema kweli. Akajaribu kuuweka mkasi mezani.

Vidole vikakataa.