Mkanda Uliopakwa Sabuni

Mkanda wa injini ya pikapu ulikatika wakiteremka kuelekea mtoni, chini ya Mutuini. Walipofika darajani, mshale wa joto ulikuwa umegonga mwisho, na Nasimiyu akazima injini kabla haijaungua. Maji ya kahawia yalipita juu ya daraja yakivuta migomba mizima. Mvua ya Novemba 2006 haikuwa na huruma.

Nyuma ya pikapu alilala mumewe, Were, paja limechanwa na msumeno wa umeme. Ephantus, fundi wao, alikuwa ameukandamiza mkono wake juu ya leso iliyolowa damu. Hospitali ilikuwa mbali, mtaa wa Hurlingham.

"Fundi, ni nini?"

"Belti, mama. Maji imeingia."

Ulikuwa uongo, na uso ulimwaka. Mkanda ule mmoja ulizungusha pampu ya maji ya kupoza injini, pamoja na bloa, chombo cha kusukumia hewa ndani ili gari lipande milima kwa nguvu. Puli ya bloa, yaani gurudumu dogo linalopitisha mkanda, ilikuwa imepinda. Mkanda ulipiga kelele wiki nzima, na badala ya kuifungua puli, Ephantus aliupaka sabuni ya kipande. Ukanyamaza. Akasifiwa, na sifa akazipokea, mtu mzima na ndevu zake!

"Kuja ushike hapa. Finya, usiachilie."

Nasimiyu akapanda nyuma. Ephantus akaruka majini, yakamfika magotini. Akakata vipande vya blada, mpira wa tyubu kuukuu, vilivyofungia mizigo, akavisokota, akavizungusha kwenye puli ya injini na ya pampu. Bloa akaiacha nje, akachomoa bomba lake ili injini ivute hewa yenyewe. Kipande cha kwanza kikakatika kikamchapa shavu. Maji yakafika mapajani.

"Were anaongea?" akapaza sauti.

"Kidogo."

"Muulize jina ya mtoto."

Nasimiyu akamuuliza. Kisha sauti nyembamba ya Were: "Lenox."

Cha pili kikashika. Akajaza rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, maji ya mto kwa kofia yake, polepole, mvuke ukimchoma vidole.

"Endesha pole pole, mama. Hii ikikatika, hatuna ingine."

Gari likajikokota, likatoka mtoni ng'ambo ya pili, likapanda. Lilifika.

Daktari alisema kuchelewa kidogo tu kungemuua Were. Kwa siku mbili Nasimiyu alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba Mungu aliwawekea fundi ndani ya gari. Ephantus alisikia hayo akiwa kwenye korido, akatamani sakafu impasukie. Siku ya tatu aliingia wodini.

Were akamshika mkono kwa nguvu.

"Asante, fundi wangu. Bila wewe ningekuwa nimeenda."

"Mzee, nisikize kwanza. Hiyo belti ilikuwa inalia kwa sababu puli imepinda. Nikapaka sabuni ndio inyamaze."

"Ulijua imepinda?"

"Nilijua."

Were akauachia mkono wake, akageukia ukutani.