Iafoni ya Kwenye Droo

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye ghala la samaki, ghala kubwa hivi kwamba ukisimama mlango huu, mtu wa mlango ule unamwona kama njiti. Wenzake walimwita Kamanda. Saa nne likaletwa boksi la iafoni mpya, zile za kuvaa sikioni zisizo na waya, za kuunganisha na redio koli.

"Leteni kwangu," Kamanda akasema. "Nyie mtazitafuna mkidhani karanga."

Walinzi wakacheka. Aliyezoea kucheka kuliko wote hakuwepo. Mpole, fundi wa mitambo ya baridi, alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Sasa sikia. Pale kulikuwa na kanuni. Fundi akitaka kuingia chumba cha barafu, anamwambia msimamizi redioni, "Naingia." Anajibiwa, "Ingia." Kisha kila dakika tano msimamizi anauliza, "Upo?" Fundi akinyamaza, anafuatwa upesi, maana ule mlango ukigoma, hata mimi niliyewahi kunyanyua injini ya lori peke yangu nisingeutikisa.

Siku ya Mpole kulikuwa na mechi. Mpole aliaga, Kamanda akajibu, "Ingia." Halafu akafanya ujanja. Redio ikishaunganishwa na iafoni, sauti yote huenda kwenye iafoni, redio yenyewe inakuwa bubu. Basi akaiunganisha na iafoni kuukuu, akaitupa iafoni hiyo kwenye droo ya ofisini, akafunga, akasikiliza mpira kwenye simu.

Mpole aliita. Akaita. Akalia. Aliyemsikia ni droo.

Mabosi walipouliza, Kamanda akasema, "Aliingia bila kuaga. Tena alinuka pombe." Mjane akazika mume, akazika na jina lake.

Turudi kwenye boksi. Kamanda akatia iafoni mpya sikioni, akabonyeza kitufe, akashikilia. Kisauti cha kike kikasema, "Imeunganishwa."

"Mmeona?" akajipiga kifua.

"Imeunganishwa," kisauti kikarudia.

Redio ilikuwa moja tu mkononi mwake; sasa hiyo ya pili imeunganishwa na nini?

Sikio likaanza kupata baridi.

"Kamanda, naingia."

Ilikuwa sauti ya Mpole, na meno yake yakigongana.

"Nani anacheza na redio?" Kamanda akafoka.

"Hakuna aliyeongea, mkuu," mlinzi mmoja akanong'ona.

Akaivuta iafoni. Haikutoka. Ilikuwa imegandana na ngozi.

"Mlango umegoma, kaka. Njoo."

Miguu ikamtangulia. Alikuja kuniambia hakuwa anatembea, alikuwa anapelekwa. Akaingia chumba cha barafu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akabonyeza redio. "Nifungulieni! Jamani!"

Walinzi hawakusikia kitu. Ofisini, karani alisikia mkwaruzo ndani ya droo ileile. Akadhani mende.

"Upo?" Mpole akauliza.

"Nipo! Nisamehe, ndugu yangu!"

"Nani hakunijibu?"

"Redio... redio iliharibika."

Baridi ikapanda. Kope zikashikana.

"Nani?"

Kamanda akapiga mlango kwa ngumi.

"Nani?"

"Mimi! Uliaga! Nikakufungia kwenye droo nisikie mpira! Pombe nilikusingizia!"

Hapo ndipo iafoni zote mpya zikawaka na kutoa sauti kwa pamoja, hata zile zilizokuwa bado kwenye boksi. Walinzi wakasikia. Karani akasikia. Meneja akasikia neno kwa neno. Jina la Mpole likasafishwa siku hiyohiyo, mjane akaletewa barua mpaka mlangoni.

Mlango wa chumba cha barafu ukafunguka wenyewe.

Hospitali walimkata sikio, halikuwa na uhai tena. Iafoni waliitafuta mpaka ndani ya ndoo za taka. Haikuonekana. Mimi siogopi kitu, chatu nimemuua kwa ndala, lakini nilipokwenda kumwona shemeji nilikaa karibu na mlango. Alikuwa amelala, bandeji imemzunguka kichwa kama kilemba. Jua la mchana limejaa chumbani.

Chini ya bandeji, pale palipokuwa na sikio, taa ya buluu ikawaka. Ikazimika.

Bila kufumbua macho, midomo yake ikasogea.

"Nipo."

Nikamgeukia dada. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Kila dakika tano, kaka," akaninong'oneza. "Jana alichelewa kujibu. Njoo umguse miguu."

Nikaigusa. Vidoleni mwake kulikuwa na barafu.