Kurasa Nane za Aziza

Kila siku baada ya masomo ya asubuhi, Kulthumu alipita nyumbani kuvua sare yake, akala kilichokuwepo, kisha akashuka ufukweni kumsaidia mama yake kugeuza ndagala waliokuwa wakikauka juani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Vidole vyake vilinuka samaki, na wenzake wa darasa la saba walimtania kwa hilo. Hakujali. Nyumbani kwao Rumonge kulikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria.

Jambo hilo lilikuwa mtihani wa dada yake, Aziza. Aziza alisoma sheria katika chuo kikuu huko Bujumbura hadi akapata shahada. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima kwanza afaulu mtihani wa baro, yaani chama cha mawakili, ndipo aruhusiwe kuvaa joho na kusema mbele ya jaji. Aziza alikuwa ameufanya mara mbili. Mara zote mbili alifaulu sehemu ya kuandika, akaanguka sehemu ya mdomo. Alipoulizwa swali mbele ya watu, sauti ilimkauka na macho yakashuka sakafuni.

"Vitabu ninavyo," alimwambia mama yao, Mama Nafisa, siku moja wakiwa wanakusanya ndagala. "Sina mtu wa kunisimamisha na kuniuliza mpaka nizoee. Nahitaji mwalimu, na imebaki miezi miwili tu."

"Basi mutafute," mama alijibu. "Mwalimu hatakuja hapa kuomba samaki."

Aziza akatafuta. Wakati wa mchana alipiga chapa barua za watu katika kibanda cha fotokopi karibu na soko, kwa hiyo aliwatafuta mawakili saa za mapumziko. Wakili mmoja alimwambia arudi Jumatatu; Jumatatu akamwambia arudi Alhamisi. Wa pili alikubali, lakini aliishi Bujumbura na alitaka wakutane siku za kazi. Wa tatu alimnong'oneza kwamba hana haja ya kujichosha, maana yeye angeweza kumpatia maswali kabla ya siku ya mtihani. Aziza aliinuka akaiacha chai yake mezani.

"Nikiingia kwa mlango ule," alisema nyumbani, "kesho nitamtetea nani?"

Mwishowe mzee Bakari, aliyekuwa karani wa mahakama zamani, alikuja kibandani kutoa nakala ya kitambulisho chake. Alipomsikia Aziza akieleza shida yake, akasema, "Nenda Kizuka, umuulize Maître Benedicte. Alikuwa wakili miaka thelathini, ndiyo maana wanamwita Maître. Siku hizi anatunza michikichi yake. Lakini jitayarishe, binti yangu. Wanafunzi watatu wamemkimbia."

Jumamosi iliyofuata, Aziza na Kulthumu walipanda kamiyoneti, gari dogo la mizigo la mjomba wao Rachidi, ambaye alikwenda Kizuka kila Jumatano na Jumamosi kuchukua mafuta ya mawese. Nyumba ya Maître Benedicte ilikuwa katikati ya michikichi, si mbali na mahali wanawake walipokamulia mafuta. Msichana wa miaka kumi na mitatu aliwafungulia geti. Alikuwa Ange, mjukuu wa Maître.

Maître Benedicte alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani minene na kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Alimsikiliza Aziza akijieleza hadi mwisho.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

"Na nyinyi, Maître."

"Mimi siko sakafuni. Niko hapa."

Kulthumu alitaka kucheka, lakini alijizuia. Aziza aliinua uso polepole.

"Nitakufundisha," Maître alisema, "kwa sharti moja. Kila Jumamosi utasimama mbele yangu na kujibu. Na kila Jumatano kabla ya saa tisa, jibu lako la kuandika liwe mezani kwangu. Kwenye karatasi. Simu inaniumiza macho. Wiki ambayo hukuandika, mimi nitajua kwamba umeacha."

Siku za Jumatano Aziza hakuweza kuacha kibanda. Kulthumu alidakia, "Mimi nitaleta! Mjomba Rachidi atanibeba."

"Utaibeba bahasha mkononi?" Maître alimuuliza. "Hutaiweka chini popote?"

"Sitaiweka popote, Maître."

Jumatano ya kwanza Kulthumu alifikisha bahasha. Ya pili akafikisha. Jumamosi hizo mbili, Aziza alisimama sebuleni kwa Maître akaulizwa, akakatizwa, akaulizwa tena. Alirudi nyumbani amechoka, lakini macho yake yalianza kuzoea kutazama mbele.

Jumatano ya tatu, bahasha ilikuwa nene. Aziza alikuwa ameandika kurasa nane kuhusu kesi ya shamba la ndugu wawili. Kulthumu aliposhuka garini, aliona umati wa watoto kwenye mashine ya kukamulia mawese. Fundi alikuwa ameleta chombo kipya, na wanawake walikuwa wakikizungusha kwa mara ya kwanza huku wakiimba. Kulthumu akasogea. Wakamwambia, "Njoo usukume nawe!" Ili kusukuma alihitaji mikono miwili. Akaiweka bahasha juu ya pipa, kwa dakika moja tu.

Alipogeuka, ndoo ya mafuta ilikuwa imepinduka. Mawese mekundu yalikuwa yamefunika kifuniko cha pipa, na bahasha ilikuwa imelala ndani yake. Aliifungua. Maandishi yote yalikuwa yameyeyuka, ukurasa wa kwanza hadi wa nane.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Akaisukumiza bahasha ndani ya lundo la makapi ya ngazi, yale matunda ya michikichi yaliyokwisha kukamuliwa, akafuta vidole kwenye majani, akaondoka. Hakufika hata getini kwa Maître. Jioni Aziza alipomuuliza, "Umefikisha?" akajibu, "Ndiyo, dada."

Jumamosi walipofika Kizuka, Maître hakuwakaribisha kuketi.

"Nilikupa sharti moja tu," alimwambia Aziza. "Jumatano sikupata kitu."

"Niliandika, Maître! Kurasa nane. Kulthumu alileta."

Wote wawili walimgeukia Kulthumu. Ulimi ulimkauka kama wa dada yake siku ya mtihani. Wakati huo Ange alipita akibeba sinia, na maneno yakamtoka Kulthumu kabla hajayapima.

"Nilimpa Ange. Getini."

Ange alisimama. "Mimi? Hukunipa kitu!"

"Nilikupa."

"Muongo! Bibi, sikumuona huyu mutoto Jumatano!"

Maître aliita wanawake wawili kutoka kwenye mashine, akawauliza kama walimuona Ange na bahasha. Walisema hawakumuona, lakini mmoja alimtazama Ange kwa jicho la pembeni, akamnong'oneza mwenzake. Ange aliona. Akaweka sinia chini, akakimbilia nyuma ya nyumba akilia.

"Mmoja wa watoto hawa anasema uongo," Maître alisema kwa sauti ya chini, "na mimi sihukumu kwa kubahatisha. Mpaka nijue, masomo yamesimama. Nendeni na amani."

Ndani ya gari Aziza hakumlaumu Kulthumu. Alimwamini mdogo wake, na hilo ndilo lililomuuma Kulthumu kuliko kama angepigwa.

Kesho yake, Jumapili, Kulthumu alishuka ufukweni akamkuta Aziza peke yake kati ya vichanja vya ndagala. Alikuwa amesimama wima, anazungumza na vichanja kana kwamba ni watahini. "Waheshimiwa, shamba hili..." Alikwama, akaanza upya. Akakwama, akaanza upya tena. Jua lilikuwa limeanza kupanda, jasho likimtiririka shingoni, naye hakuacha.

Kulthumu alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Dada, Ange hakuchukua kitu. Niliiweka bahasha kwenye pipa. Mafuta yakaimwagikia. Nikaificha kwenye makapi."

Aziza aligeuka. Uso wake ulibadilika mara kadhaa. Kulthumu alianza kulia, "Nisamehe, dada, nisamehe."

"Usianze na mimi," Aziza alisema hatimaye. "Mimi nimepoteza karatasi na wiki moja. Ange amepoteza jina lake mbele ya majirani. Nawa uso. Tunakwenda Kizuka."

"Leo? Mjomba haendi leo."

"Iko basi. Na miguu iko."

Walipanda basi hadi njia panda, kisha wakatembea. Njia nzima Kulthumu alipanga maneno ya kujitetea: kwamba alisukumwa, kwamba pipa lilikuwa bovu. Lakini kila alipomtazama Aziza akitembea haraka mbele yake, maneno hayo yalimwishia.

Maître Benedicte alikuwa ametoka tu kanisani. Ange alikuwa ameketi barazani, hakuwasalimu. Kulthumu alisimama mbele ya Ange, si mbele ya Maître.

"Nilikusingizia," alisema. "Hukunikosea kitu. Niliharibu karatasi kwa uzembe, nikaogopa, nikatupa kosa langu juu yako."

Ange alimkazia macho. "Jana sikula. Wale mama wanaonipa ngazi za kuchezea waliniita mwizi."

Maître alivuta kiti, akaketi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Aziza, simama pale. Mshitakiwa ni mdogo wako. Mtetee. Ukisema uongo mmoja, au ukificha kosa lake, mlango ule pale."

Aziza alishika mikono yake nyuma. Kulthumu alingoja macho ya dada yake yashuke. Hayakushuka.

"Maître," Aziza alianza, "mdogo wangu alitenda makosa matatu. Alivunja ahadi ya kutoiweka bahasha chini. Alidanganya nyumbani. Na kubwa kuliko yote, alimwekea Ange kosa ambalo si lake. Siombi asiadhibiwe. Naomba mzingatie kwamba hakuna aliyemkamata. Ushahidi ulikuwa umezikwa kwenye makapi, angeweza kunyamaza maisha yake yote. Amekuja kwa miguu yake kumrudishia Ange haki yake. Mtu wa namna hiyo anafaa kuadhibiwa, lakini hafai kutupwa." Akamtazama Kulthumu. "Na mimi pia nina kosa. Nilimpa mtoto mzigo wangu bila kumuuliza kama anauweza."

Maître aliondoa miwani yake, akaifuta kwa kitenge.

"Ange," alisema, "wewe ndiye uliyekosewa. Unataka nini?"

Ange alifikiri. "Akaseme pale kwenye mashine. Kwa sauti. Mbele ya wale wale."

Kulthumu alikwenda. Ange alitembea kando yake, Aziza na Maître nyuma. Siku hiyo mashine haikufanya kazi, ila wanawake wengi walikuwa wameketi hapo wakizungumza. Kulthumu alipanda juu ya gogo.

"Amahoro, mama zangu. Jumatano mimi ndiye niliyeacha bahasha kwenye pipa ikaharibika. Niliitupa kwenye makapi yenu. Ange hakuigusa. Mliyosikia jana yalikuwa uongo wangu."

Mwanamke mmoja alipiga makofi mara moja kwa mshangao. Yule aliyenong'ona jana aliinama, kisha akamwita Ange, "Njoo, mwanangu. Tulikukosea na sisi." Hakuna aliyecheka wala kumtukana Kulthumu. Aliposhuka kwenye gogo, kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Masomo yalianza tena siku hiyo hiyo, kule barazani kwa Maître. Aziza aliandika kurasa nane upya kwa kukumbuka, na Maître alisema zilikuwa bora kuliko nyingi alizowahi kusoma. Tangu hapo, kila Jumatano Kulthumu alishuka garini na kwenda moja kwa moja getini, bahasha mkononi. Ange alimpokea. Mwanzoni alipokea bila neno. Wiki ya tatu alimkaribisha ndani wacheze.

Mtihani ulifika. Aziza alikwenda Bujumbura na akarudi bila kusema mengi, ila kwamba aliwatazama watahini watatu machoni na kujibu kila swali. Majuma manne baadaye matokeo yalitoka. Jina lake lilikuwemo. Mama Nafisa aliacha ndagala wake wazi, akakimbia ufukwe mzima akiwaambia watu, hata wasiomjua Aziza.

Jumamosi hiyo familia nzima ilikwenda Kizuka na kikapu cha samaki. Baada ya kula, Mama Nafisa alimwambia mwenyeji, "Murakoze sana, Maître. Mumemufundisha mtoto wangu kusema."

"Kusema alikuwa anajua," Maître alijibu. "Alikosa jambo la kusema ambalo lilikuwa kweli kiasi cha kumfanya asahau woga. Siku ile alilipata." Kisha aliwaita Kulthumu na Ange wakakaa karibu yake.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Miaka thelathini nimewaona watu wakidanganya mbele ya mahakama. Kila mmoja alidhani uongo wake ni mdogo, utakaa alipouweka. Lakini uongo hauna kiti chake. Ni lazima ukalie kichwa cha mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu asiye na hatia. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajaanza kuubeba. Ukweli wa Jumatano ungegharimu karatasi nane tu. Ule wa Jumapili ulimgharimu Ange machozi."

Kulthumu aliinamisha kichwa. Ange alimgusa begani.

"Alisema, Bibi," Ange alisema. "Alichelewa, lakini alisema."