Skrubu Isiyopitisha Umeme

Kila siku, baada ya kumwagilia bustani ya shule, Maimuna wa darasa la sita hukimbilia chumba cha Klabu ya Sayansi. Wiki ile alikuwa akiunda amplifaya, mashine ya kukuza sauti, pamoja na Mwalimu Hosiana, ili Jumamosi itumike kwenye mahafali ya darasa la saba. Kwao Mgeta ni milima na mabonde, na bila kipaza sauti hotuba huishia safu ya pili ya viti.

Ilibaki kufunga transista, kifaa kinachokuza sauti na kuchemka sana, juu ya bati la alumini la kuipooza. Mwalimu alikuwa nazo mbili tu. Maimuna alipokwenda Morogoro mjini na mama yake kuuza karoti, Mwalimu alimwagiza skrubu ndogo za plastiki, ili umeme usivujie kwenye bati, na gundi inayopitisha joto.

Muuza misumari alimcheka. "Skrubu ya plastiki, binti? Itabana nini, uji?"

Aibu ikamshika. Akanunua skrubu za chuma na gundi ya viatu, huku akijifariji: kwetu watu huota moto hata mchana, chombo gani kitachemka?

"Umepata?" Mwalimu aliuliza.

"Nimepata, Mwalimu," alijibu, akafunga transista mwenyewe.

Walipowasha, amplifaya ilinguruma kidogo, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mwalimu akaichukua transista ya pili, ya mwisho.  Maimuna akikaa kimya, nayo itaungua, na mahafali yatakuwa ya kunong'onezana.

"Usiifunge, Mwalimu. Nilikudanganya. Skrubu ni za chuma, na gundi ni ya viatu."

Mwalimu aliiweka transista mezani. "Mluguru mzima una mjomba fundi redio mjini, ukaenda kuuliza kwenye misumari?"

Ni kweli. Kwao Waluguru, shida ya mtoto huanzia kwa mjomba. Lakini Maimuna aliona haya kumwonyesha mjomba Mansuri kwamba kuna kitu yeye mwenyewe hakijui.

Kesho yake alifika mjini, kibandani kwa mjomba. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa hapa uone."

Mjomba alifungua mashine mbovu na kutoa skrubu nyeupe za plastiki, ndogo kama punje za mchele. Akagusisha kipimo cha umeme kwenye skrubu ya chuma, kikalia. Akagusisha kwenye ile nyeupe, kimya. Maimuna alimwomba arudie, na akarudia tena. Kitu kidogo hivyo kiliuzuia umeme!

Kisha mjomba akabandika vipande viwili vya bati kwenye birika la chai ya moto, kimoja kwa gundi ya viatu, kingine kwa gundi ya kijivu inayopitisha joto. Cha pili kilipata moto upesi, cha kwanza kikawa kinajivuta.

"Baridi ya Mgeta iko nje, mpwa wangu, na joto liko ndani," mjomba alisema. "Usipolipatia joto njia, vitakutana wapi?"

Maimuna alirudi shuleni na skrubu nyeupe na gundi ya kijivu, wakaifunga transista ya mwisho. Jumamosi mwanafunzi wa kwanza kuzungumza alisalimia wageni. Sauti ilivuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Waliokuwa wakipalilia kabichi ng'ambo waliinua vichwa. Maimuna alisimama kinywa wazi, mwili ukimsisimka. Aliona ajabu kwamba mlima mzima unasikia.

Mwalimu Hosiana akamwinamia. "Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Uongo wako ulituunguzia transista, na ukweli wako ndio uliookoa hii unayoisikia."