Mama wa Ndani ya Simtanki

Munira aligonga simtanki mara tatu kwa mwiko. Simtanki likajibu mara nne.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Chamazi linachoma mabati, na tanki lenyewe tupu, wiki ya pili sasa bomba halijatoa hata tone. Munira akautazama mwiko mkononi, akajiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi gani, jamani, unaozidisha hesabu?

Na kwa nini mtu mzima agonge tanki tupu mchana kweupe? Aibu kulisema, ila lazima lisemwe. Alikuwa anamtisha mwanawe, tena kwa makusudi.

Nusaiba alikuwa na mwaka mmoja na nusu Munira alipokwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Aliporudi mtoto ana miaka minne, na aliyemlea ni wifi yake Mwamvita, dada wa mumewe, aliyeacha biashara yake ya samaki Kunduchi akahamia kwao. Baba wa mtoto, Twalib, ni dereva wa malori, mtu wa kuja na kuondoka. Nusaiba alimwamkia mama yake shikamoo kama anavyomwamkia mgeni yeyote, akarudi kucheza. Hilo Munira angelivumilia. Lililomkata maini lilitokea Jumamosi moja kulipofungwa bao kwenye uwanja wa mpira wa jirani. Umati ulinguruma mpaka vyombo vikatikisika kabatini, mtoto akatoka chumbani mbio analia. Munira akachuchumaa, akafungua mikono. Nusaiba akampita hivi hivi, akajitupa kwa Mwamvita.

"Umeogopa, eeh?" Mwamvita alimwambia, huku anamsugua mgongo taratibu. "Haya, tuogope wote. Ukiwa tayari tutatoka tukasikilize ni nini."

Munira alikwenda kulia chooni. Kwa wivu alitamani ile mikono ya wifi yake ikatike. Kesho yake akamwambia arudi Kunduchi, mwenye mtoto amesharudi. Mwamvita hakubisha. Alifunga mizigo, akasema tu, "Wifi, akiogopa usimwambie hakuna kitu. Mshike kwanza, maneno baadaye."

"Unanifundisha kulea mwanangu?"

"Hapana, wifi. Nakuaga."

Sasa nyumbani hapakuwa na mikono mingine ya kukimbilia ila ya Munira, lakini mtoto hakukimbia. Alikaa kimya, anachora chini kwa kijiti. Ndipo Munira akabuni ujinga wake. Anazunguka nyuma ya simtanki, anagonga, kisha anatokea haraka haraka na kusema kuna mtu humo ndani anakula watoto wasiopenda mama zao, njoo kwangu nikufiche. Nusaiba akawa anajibanza pembeni ya kabati, anajikojolea, anamwita shangazi. Kadiri alivyomwita shangazi, ndivyo Munira alivyogonga kwa nguvu, mpaka mchana huo alipojibiwa.

Tangu siku hiyo Nusaiba hakulia tena. Munira alimkuta uani, sikio ameliegemeza kwenye tanki, kidole mdomoni, ametulia kabisa.

"Unafanya nini hapo?"

"Naongea na mama."

"Mama ni mie."

Mtoto akatikisa kichwa. "Mama wa ndani. Nikiogopa ananiambia tuogope wote."

Mwenye akili zake angeogopa hapo hapo. Munira aliona wivu kwanza, kwamba hata kitu kisicho na sura kimemzidi. Hofu ilichelewa, na ilipokuja ilikuja na harufu, harufu ya maziwa ya mama, mabichi na matamu, inayotoka kwenye tanki kavu na kupita dirishani na kulala kwenye mito, na pamoja nayo sauti ya mwanamke anayeimba kwa pua wimbo usio na maneno, unaoanza kila adhana ya alasiri ikimalizika, na siku alipopanda juu ya stuli akafunua mfuniko na kuchungulia lile giza lisilo na kitu, sauti ikanyamaza kama mtu anayengoja kukaribishwa, na gauni lake mwenyewe likalowa kifuani, yeye ambaye mara ya mwisho kunyonyesha ilikuwa kabla hajapanda ndege.

Alimwita Mwalimu Mwishehe, kijana wa madrasa ya mtaa wa pili. Alikuja na pikipiki yake na chupa ya maji ya kusomea. Alinusa hewa ya uani, akashusha sauti.

"Dada Munira, huyu ni jini wa kike, na amekuja kwa sababu aliitwa. Mtoto wako akiogopa anamkimbilia nani?"

Munira akaichukua simu yake.

"Nauliza kwa sababu huyo ndiye ampakate wakati nasoma. Nikimtoa jini tankini atatafuta pa kuingia. Akimkuta mtoto kwenye mikono anayoiamini, hapati nafasi. Akimkuta kwa mwingine, sijui nitakwambia nini."

Simu ilikuwa mkononi mwake. Namba ya Mwamvita ilikuwa ya kwanza kabisa. Kunduchi ni mbali, lakini mwalimu angesubiri.

"Ananikimbilia mie," Munira akasema.

"Una hakika?"

"Mie ndiye mama yake, mwalimu."

Mwishehe akasoma. Tanki likaanza kutikisika juu ya matofali yake, mapigo yakatoka ndani bila hesabu, ile harufu ikazidi, na Nusaiba akapiga ukelele, akajinyonganyonga mikononi mwa mama yake, akamkwaruza shingo, anataka kushuka, anataka shangazi, na Munira akamng'ang'ania kwa nguvu zote hadi mtoto akalegea mara moja, mwili mzima. Tanki likatulia. Uani kukawa kimya.

"Ametoka humu," mwalimu akasema, anajifuta jasho. "Alhamdulillah."

Nusaiba alikuwa ameizungusha mikono yake shingoni mwa Munira, amelaza shavu begani. Hajawahi kufanya hivyo. Munira alilia kwa furaha, hata kumuaga mwalimu vizuri hakuweza.

Simu ikalia. Mwamvita.

"Wifi, samahani. Tangu asubuhi roho haijatulia, namuwaza mtoto tu. Nije?"

Nusaiba akasogeza mdomo sikioni mwa mama yake. Pumzi yake ilinuka maziwa.

"Mwambie asije," akanong'ona, kwa sauti laini ya mwanamke mzima. "Tunatoshana sisi wawili."

Nje, pikipiki ya mwalimu ilikuwa ndiyo kwanza inawashwa. Kupaza sauti mara moja tu kungetosha. Munira aliijua pumzi ile, aliijua na sauti ile. Mikono midogo ikamkaza shingo, na hakuna mtu aliyewahi kumshika hivyo.

"Usije, wifi," akasema. "Mtoto yuko salama. Yuko kwa mama yake."