Neno la Kumlisha Bela

Mbwa alikuwa amekakamaa kama gogo. Miguu yote minne imenyooka, meno nje, povu limekaukia mdomoni. Saa tatu asubuhi alishuka ndegeni mzima, mkia unacheza. Saa tano alikuwa maiti ndani ya banda la wavu, pembeni ya kiwanja cha ndege cha Tunduma.

Inspekta Msaidizi Kasiani Haonga alichuchumaa akamtazama, hasira ikampanda. Huyu hakuwa mbwa wa kubwekea wezi wa kuku. Aliitwa Bela, na kazi yake ilikuwa kumwongoza kipofu.

Kipofu mwenyewe alikuwa amekaa chini, mkono ameupenyeza kwenye wavu, ameshika sikio la mbwa wake. Alikuwa Yonasi Mgala wa Isansa, askari wa zamani, aliyepoteza macho Burma mwaka wa arobaini na nne. Mwaka jana chama cha wanajeshi kilimpeleka Uingereza, akakaa miezi kumi na moja akijifunza kutembea na Bela. Sasa alikuwa amerudi naye. Na kumwingiza mbwa nchini kwa ndege si mchezo, jamani! Kibali cha serikali, cheti cha chanjo, mhuri wa Lusaka, na sharti la mwisho kabisa: mbwa afungiwe kiwanjani mpaka Daktari wa Mifugo atoke Mbeya kuja kumkagua. Yonasi akatii kila kitu. Bela akafungiwa, akafia humo humo.

Daktari mwenyewe alikuwa amefika, Mzungu mrefu aitwaye Pemberton, kalamu tayari mkononi.

"Kichaa cha mbwa," alisema. "Povu, degedege. Naandika hivyo."

"Na cheti hiki cha chanjo?" Kasiani aliuliza.

"Chanjo hushindwa wakati mwingine. Mzoga utachomwa. Mbwa wote wa Tunduma watapigwa risasi. Na huyu bwana hatapewa kibali cha mbwa mwingine, basi."

Yonasi aliinua uso. "Nimemleta mzima! Tangu London hakuniacha hata hatua moja. Mzima kabisa!"

"Bwana Daktari," Kasiani alisema, akijizuia asipige kelele, "nimefanya kazi Kamsamba miaka mitatu. Wafugaji wa kule hutega fisi kwa nyama ya sumu. Nimewaona fisi hao wakifa. Wanakakamaa hivi hivi. Chukua sampuli ya tumbo kwa ajili ya mkemia, halafu nipe nafasi nichunguze."

"Saa nane ndege inaondoka na ripoti yangu."

"Basi saa nane kasorobo utakuwa na jibu langu."

Mlinzi wa kiwanja alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Tabora, Mwislamu wa swala tano. Alisimama wima mbele ya Inspekta.

"Nani alikaribia banda?"

"Sikumwona mtu, afande. Ila nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilikuwa upande wa mapipa ya mafuta. Nyuma ya banda sauti ya mwanamume ikasema, 'Kula! Kula basi!' Kimya. Halafu ikaita, 'Amina.' Ikarudia, 'Amina.' Nikajua anamwita mwanamke wake. Nikaona haya, nikageuza njia."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na kitu."

Konstebo Lusubilo hakungoja kumaliziwa. Tunduma nzima ilikuwa na Amina mmoja tu, muuza maandazi wa pale njia panda. Alipanda baiskeli akaenda kumkamata.

Kasiani akawageukia waliokuja kumpokea Yonasi. Walikuwa wawili. Roda, mchumba wake, mwenyeji wa Tunduma, macho yamevimba kwa kulia. Na Jairo, mdogo wake, aliyetoka Isansa kwa lori la kahawa, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali.

"Saa nne ulikuwa wapi, Jairo?"

"Nilikwenda kujisaidia, bwana mkubwa."

"Ulimkaribia mbwa?"

"Mimi? Simjui hata jina. Kaka hajatuandikia tangu Pasaka."

"Wewe Roda?"

"Nilikaa hapa na Yonasi, tumeshikana mikono. Hatujaachana."

Mara zikasikika kelele kutoka barabarani. Lusubilo alikuwa anarudi, baiskeli anaikokota, na mbele yake mwanamke mnene mwenye unga mpaka viwikoni alikuwa anamtukana bila kupumua.

"Mimi na mbwa wapi na wapi! Maandazi yangu yameungua kwenye mafuta! Nani atayalipa, wewe? Hebu niambieni, mimi nimuue mbwa wa kazi gani? Mna wazimu?"

"Mama, tulia," Kasiani alisema.

"Situlii! Nimeitwa muuaji mbele ya wateja wangu!"

Alikuwa na haki ya kukasirika, na Kasiani aliona aibu. Akamwomba akae. Roda, kwa kukosa la kufanya, alimimina chai kutoka kwenye chupa akampa Yonasi kikombe. Yonasi hakuwa na hamu, lakini mazoea ni mazoea. Aliinamisha kichwa.

"Tunashukuru kwa chakula hiki, kwa jina la Yesu. Amina."

"Abee!" muuza maandazi aliitika.

Konstebo alicheka. Kasiani hakucheka. Alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi, akamtazama Mzee Sefu.

"Mzee, wewe ukimaliza dua unasemaje?"

"Nasema amin, afande."

"Amin. Na sisi Wakristo?"

"Amina," Mzee Sefu alisema, akashika kichwa. Kasiani alikwisha piga magoti mbele ya Yonasi.

"Ndugu yangu, Bela alikuwa anakula chakula cha mtu asiyemjua?"

"Hata kidogo. Lusaka mpagazi alimwekea mfupa, hakuunusa. Kule chuoni kila mtu humfundisha mbwa wake neno moja, bila kulisikia mbwa hali chakula. Mimi nilimfundisha asubiri tusali kwanza. Mpaka asikie Amina."

"Nani anajua habari hiyo nchi hii?"

"Roda peke yake. Nilimpigia taipu barua mwezi wa nane, ajue namna ya kumlisha nyumbani."

Roda aliacha kulia. "Barua gani?"

"Barua, Roda. Ya kurasa mbili."

"Sijapata barua. Barua zako zinapitia Isansa misheni, anazichukua Jairo, ananiletea. Mwezi wa nane aliniambia hakuna kitu."

Kila mtu alimgeukia Jairo. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Vua koti," Kasiani alisema.

"Bwana mkubwa, mimi..."

"Vua koti!"

Lusubilo alilipekua. Mfuko wa ndani ulikuwa na kifurushi kidogo cha unga mweupe. Kasiani alikifungua kwa ncha za vidole. Unga ule aliujua tangu Kamsamba, ulikuwa sumu ya fisi, na karatasi iliyoufunga ilikuwa imepigwa taipu. Aliisoma kwa sauti, polepole, kila mtu asikie. "Mpenzi Roda. Bela hali mpaka asikie Amina. Usimwambie mtu, asije mbaya akamdhuru."

Kasiani alimshika Jairo ukosi wa shati.

"Kwa nini? Sema! Mbwa alikukosea nini?"

"Mimi ndiye nilikuwa macho yake!" Jairo alifoka, machozi yakamtoka. "Miaka minane namshika fimbo! Chooni mimi, kanisani mimi! Halafu analetewa mnyama kwa ndege, mnyama ana vyeti kuliko mimi!"

"Wivu tu? Unaua kwa wivu?"

Aliyejibu ni Yonasi, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilitisha kuliko kelele zote za asubuhi ile.

"Si wivu. Ni kahawa."

"Kahawa ipi?" Kasiani aliuliza.

"Baba aliniachia mimi shamba la kahawa. Niliporudi kutoka vitani Jairo akaniambia imekauka yote kwa ugonjwa, pamebaki majani ya ng'ombe. Nikaamini. Lakini kila mwezi wa kumi tukipita, nasikia harufu ya maua. Nikimwuliza, anasema ni ya jirani. Watu wakitaka kunisalimia, ananivuta mkono, eti tunachelewa. Na Bela angenipeleka mwenyewe, angesimama kwenye kila mti nikaushika." Alipumua. "Nimekosea, Jairo?"

"Nimeipalilia mimi," Jairo alinong'ona. "Nimejenga humo, kaka. Ningekwenda wapi na watoto?"

"Ungeniomba! Mpumbavu wewe, ungeniomba! Ningekugawia nusu!"

Muuza maandazi alijifuta macho kwa mikono yenye unga. Bwana Pemberton alichana ripoti yake bila kuambiwa, akaandika nyingine: mbwa mzima, ameuawa kwa sumu, njia ya kibali iko wazi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Jairo alifungwa pingu. Wakati huo Yonasi aliinuka, akayumba, na mikono ile ile yenye pingu ikaruka yenyewe kumdaka kiwiko, kama ilivyozoea miaka minane.

"Usiniguse."

Jairo akamwachia. Yonasi akasimama peke yake katikati ya kiwanja, ameshika mkanda mtupu wa Bela.

"Imechanua?" aliuliza.

"Imechanua, kaka. Yote."

"Roda, waambie wamweke Bela kwenye gari. Tunakwenda kumzika Isansa, ndani ya kahawa yangu."